Vibuyu vya Harufu ya Simba

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mawe yakatamani kivuli. Mto ulikauka, likabaki dimbwi moja tu, na Simba naye alilipenda. Wanyama wakaweka mlinzi wa kunusa upepo. Mlinzi mwenyewe alikuwa Fisi.

Kila Digidigi alipomleta mwanawe kunywa, kabla ulimi haujagusa maji, Fisi alipiga ukelele: "Simba! Kimbieni!" Wote wakatimua vumbi. Fisi akabaki peke yake "kulinda", na tumbo lake likazidi kuvimba.

"Mama, koo linaniuma," mtoto akalia.

Digidigi akajikaza mbele ya wenzake. "Bwana Fisi, mbona tunakimbia tu, Simba hatumwoni?"

"We kipande cha mnyama!" Fisi akacheka. "Simba gani amewahi kunipita?"

Kweli, hakuna. Sungura akajikuna sikio. "Basi Fisi na Digidigi wapimwe pua wote wawili."

Akaleta vibuyu vilivyozibwa kwa majani. "Vingine vina nywele za Simba, nimeziokota kwenye miiba anapojikunia. Vingine havina. Nuseni, mseme."

"Simba!" Fisi akasema. "Simba! Simba tena!" Cha mwisho hakikufika hata puani. "Huyu dume, tena mkubwa!"

Digidigi alinusa polepole. "Simba. Hiki hapana. Hiki... hapana." Cha mwisho akamnong'oneza Sungura sikioni, kwa aibu.

Sungura akafungua kwanza vyenye nywele za Simba. Fisi alivipata vyote! Digidigi alikosa kimoja.

"Mnaona!" Fisi akakata kiuno. Digidigi akamtazama mwanawe, machozi yakamlenga.

"Taratibu, mjomba," Sungura akasema. "Bado visivyo na Simba."

Akafungua. Nyasi kavu! Nyasi kavu! Vyote Fisi aliviita Simba. Digidigi hakukiita Simba hata kimoja.

"Anayesema Simba kila mara atamkosaje Simba?" Sungura akauliza. "Hapo pua ililala, mdomo ndio ulikuwa kazini. Na hili dume kubwa je? Dada Digidigi, sema kwa sauti."

"Niwieni radhi... linanuka kama Bwana Fisi."

Kibuyu kikafunguliwa: manyoya ya mkia wa Fisi!

Nyani akaanguka kutoka tawini kwa kicheko. "Kajikimbiza mwenyewe!"

Fisi akatoka mbio, mkia katikati ya miguu. Digidigi akashika ulinzi, na mwanawe akanywa mpaka akapata kwikwi.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.