Kwa Nini Mfumwa Wetu Huapishwa Matopeni

Wageni wakija siku ya kumwapisha mfumwa, mtawala wetu wa hapa mlimani, huziba midomo wasicheke. Wanamwona mtu mzima yumo bwawani, tope magotini, jembe mkononi, anakula kiapo. Waacheni wacheke. Ninyi wajukuu zangu nitawaeleza, na nikimaliza mtatembea vifua mbele.

Hapo zamani mfumwa aliapishwa juu ya ngozi ya chui, na neno lake halikupingwa. Alipotaka maji ya mto yaende kwake, yalienda kwake. Ukaja ukame, watu wakachimba bwawa la pamoja, na kabla udongo wa ukingo haujakauka wakatunga sheria: kila nyumba italinda maji kwa zamu, na asiyefika kwenye msaragambo, kazi ya wote ya kuzoa tope, mfereji wake utazibwa hadi msaragambo mwingine. Kila mwenye nyumba akakanyaga udongo mbichi kuonyesha amekubali. Mfumwa Kiangi naye alikanyaga, tena kwa mbwembwe.

Msimu uliofuata watu walizoa tope kutwa nzima. Kiangi hakufika. Alituma salamu.

Zamu ya kulinda maji ilikuwa ya Nakijwa, mjane mwenye kishamba cha maharage. Akakata gogo la mgomba, akaziba mfereji wa mfumwa na kuukandika udongo. Kesho yake Kiangi akaja na askari wake, watu wakakusanyika ukingoni.

"Zibua, au leo hii unahama mlima huu!"

Msije mkadhani Nakijwa hakuogopa. Kishamba kile ndicho kilichowalisha wanawe. Lakini alijibu, "Mfumwa, sheria hii sikuitunga peke yangu. Unyayo wako ule pale."

Watu kimya. Mimi sikuwepo, lakini kimya kile kinanichoma hadi leo. Kisha mzee Mbonea akakohoa.

"Akihama Nakijwa, zamu ni yangu. Nami sitazibua."

"Baada ya Mbonea ni mimi," akasema jirani yake.

"Baada yake ni mimi," akadakia mwingine, na sauti zikazunguka bwawa zima. Kiangi akawageukia askari wake. Mmoja wao akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Mfumwa, hata nyumba yangu ina zamu."

Ili apate maji, ingembidi auhamishe mlima mzima, abaki akiwatawala nyani. Akautazama unyayo wake. Akavua vazi lake, akashuka, akazoa tope hadi jasho likamtiririka. Alipopanda akamwomba Nakijwa azibue.

"Bado, Mfumwa. Hadi msaragambo mwingine."

Maharage ya Kiangi yalikauka msimu ule. Majirani walimpelekea vikapu vya chakula, akapokea, wala hakumfukuza mtu. Msaragambo ulipoitwa tena alitangulia kufika, na jioni Nakijwa akaling'oa lile gogo kwa mikono yake.

Na tangu siku hiyo, kwetu hakuna anayeapishwa juu ya ngozi. Mfumwa mpya hushuka bwawani, na mwenye zamu, awe mjane au kijana aliyeoa juzi, ndiye anayemkabidhi jembe. Sisi wengine husimama ukingoni, nyumba baada ya nyumba, tukimwambia usoni: "Baada yake ni mimi."