Firigisi ya Shemeji Chui

Hapo zamani za kale, fisi walipokuwa bado wanajua kufagia, alikuwapo Fisi mmoja aliyefuga kuku. Alikuwa na banda, ua mrefu wa miti, aproni ya maua na tamaa isiyo na breki. Kuku wenyewe walikuwa wa karamu: mwezi ukiandama, shemeji yake Chui angekuja kula.

Shida ni kwamba Fisi alifuga kifisi. Pumba aliwapa zilizoota ukungu. Maji yao ya kunywa yalikuwa ya kijani, na maranda ya kulalia yalilowa hata yakanuka. Kuku wote wakaanza kuhara, prrr, prrr, mchana kutwa. Miguu ikawalegea, hata kuruka kizingiti kukawashinda.

Miongoni mwao alikuwamo tembe mmoja, kuku mdogo ambaye hajaanza kutaga, jina lake Kidawa. Tumbo lilimkata kama wenzake, lakini kichwa kilikuwa kizima.

Asubuhi moja Fisi akaingia na kisu.

"Mnazidi kukonda," akasema. "Bora niwachinje leo, niwakaushe."

Dada zake Kidawa wakaangua kilio. Yeye mwenyewe aliogopa hadi manyoya yakamsimama, ila akajikaza.

"Shikamoo, mzee. Na firigisi utampa nani?"

"Marahaba. Swali gani hilo? Firigisi ni ya mgeni mkubwa. Ni ya shemeji."

"Ndiyo maana nikakuuliza. Firigisi ndiyo inayotusagia chakula, maana meno hatuna. Sasa hizi zetu zinaumwa. Shemeji ataila mbele ya mkewe, halafu aanze prrr, prrr. Watu watasemaje?"

Fisi akaweka kisu chini. Aliogopa maneno ya watu kuliko njaa.

"Tufanyeje, mwanangu?"

Kidawa akamwambia. Basi Fisi akajifunga aproni, akatupa pumba zile, akaleta mtama mkavu. Akasugua vyombo vya maji kwa majivu, kwacha, kwacha. Akatandika maranda mapya. Akaenda mtoni kuchota changarawe, kwa sababu firigisi bila changarawe ni kinu bila mchi. Na kila kulipokucha alipiga magoti bandani akakagua kinyesi.

"Kimekaza," akawatangazia majirani, "na juu kina kofia nyeupe ya afya."

Majirani wakaanza kupita njia nyingine.

Mwezi ukaandama. Chui akafika, na kabla hajapewa hata maji, Fisi akamvuta mkono.

"Shemeji, njoo kwanza uone kinyesi."

"Mimi nimekuja kula," Chui akasema.

"Karibu, mzee Chui," Kidawa akadakia. "Lakini utachaguaje firigisi kubwa bila kuisikiliza?"

"Kumbe husikilizwa?"

"Firigisi nzima hunguruma. Simameni wima hapo penye ua, tuwapande vichwani, mtasikia changarawe zinavyosaga. Ila mfumbe macho, msije mkasikia nusu nusu."

Wakubwa wale wawili wakasimama wima, macho wameyafumba. Kuku wakaruka kwa miguu ile ile iliyoshindwa na kizingiti: hop kwenye ndoo, hop begani, hop kichwani.

"Kruu, kruu," Chui akanong'ona, mate yakimdondoka. "Hii kubwa. Lo, na hii kubwa zaidi."

Kila aliyekwisha kusikilizwa alijirusha, puruu, juu ya ua hadi vichakani.

"Shemeji, yangu imenyamaza," Fisi akasema.

"Yangu bado inasaga."

Fisi akafumbua jicho moja. Kidawa peke yake ndiye aliyebaki, amesimama juu ya kichwa cha Chui.

"Kidawa mwanangu, firigisi ya shemeji iko wapi?"

"Ninayo, mzee. Asante kwa changarawe."

Puruu! Naye akaenda zake.

Chui akatazama banda tupu, safi, limefagiwa vizuri. "Sasa tunakula nini?" akauliza.

Fisi alikuwa anachungulia kati ya miti ya ua. Kule nje, kwenye nyasi, Kidawa alikuwa ameacha kitu. Fisi akakitazama kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga, hajui kama ni ya njaa au ya fahari.

"Lakini kimekaza, shemeji," akasema.

Basi wanangu, tumbo lenye afya ndilo lililowaokoa kuku, na tumbo lenye tamaa ndilo lililompumbaza Fisi.