Tundu la Jethro Seremala

Kaeni, wajukuu, na mwenye kelele azimeze. Niwapeleke kale? Semeni "tupeleke". Basi kale hiyo, upepo ukiwa ndio injini na nyota ndizo ramani, palikuwa na merikebu ya Waingereza, na ndani yake seremala aitwaye Jethro Pask.

Jethro alikuwa fundi, hilo simnyimi. Mlingoti ukipasuka, Jethro. Usukani ukilegea, Jethro. Hata jino la baharia likioza, Jethro na koleo lake. Lakini mdomo, wallahi! "Mnaelea kwa sababu yangu," aliwaambia wenzake. "Nahodha ni abiria tu mwenye kofia." Mnawajua watu hao, siku hizi tunawapa ofisi yenye kiyoyozi.

Wakapakia mvinyo Ureno, mapipa juu ya mapipa, wakashika njia ya kwao. Katikati ya bahari maji yakaanza kuingia. Wakapiga pampu, kwaru-kwaru. Maji yakapanda. Wakapiga tena, kwaru-kwaru. Maji yakapanda.

"Seremala, yanaingilia wapi?" akauliza Nahodha Wragg.

"Panya, bosi," akajibu, fulu kujiamini. "Panya wa Ureno wana meno."

Mwongo. Alipajua. Kabla ya safari alitoboa ubao kwa keke ili apigilie msumari wa mti, maana ndivyo walivyounga mbao za merikebu. Kengele ya chakula ikalia. Yeye yuko kwenye supu, wapaka lami wakapita wakalifunika tundu. Aliporudi akaona pamependeza, akaenda zake. Sasa bahari imeibandua ile lami. Akisema, atafungwa kamba azamishwe baharini kisha avutwe juu, mbele ya wote. Ndiyo adhabu ya mzembe. Na ubingwa kwisha.

Kwaru-kwaru. Maji yakapanda. Hali ikawa noma.

Dunstan mpishi akatoka jikoni, suruali imelowa. "Fundi, moto wangu umezimika. Hawa panya wako wanaogelea? Mimi nina watoto."

Jethro akawatazama waliokuwa kwenye pampu, viganja vinatoka damu.

"Ni tundu langu," akasema. "Nililisahau. Liko chini, nyuma ya mapipa, ubavu wa kushoto."

Mikono ikaachia pampu, wajukuu.

"Matusi baadaye," akasema nahodha. "Sukumeni mapipa."

Wakasukuma. Jethro akapiga magoti, maji yakamfika kidevuni. Akapapasa, akauhisi mkondo unamsukuma kiganja. Akachomeka msumari wa mti, akaugonga, ko, ko, ko, mpaka mkondo ukakatika.

Kwaru-kwaru. Maji yakashuka! Kwaru-kwaru. Yakashuka! Mabaharia wakakaa palepale kwenye majimaji, wanacheka kama walevi, na mvinyo hawajaugusa.

"Sheria ni sheria," akasema nahodha. "Seremala lazima azamishwe."

"Mara ya pili, nahodha?" akauliza Dunstan. "Si ametoka kuzama sasa hivi? Sote tumeona."

Nahodha akamtazama Jethro anavyochuruzika, akakuna ndevu. "Kweli," akasema. "Adhabu imeshatolewa. Mpeni nguo kavu."

Ndipo Jethro alipolia, wala hakujificha.

Kosa, wajukuu, ukilisema lina mwisho. Ukilifunika lami, linakusubiri baharini. Kisa changu kimefika nchi kavu. Aliyelowa na ajipanguse.