Kidari cha Nakijwa

Hapo zamani, kabla barabara ya gari haijaupanda mlima ule, aliishi mjane aitwaye Nakijwa. Mtoto hakujaliwa, na ndugu wa marehemu mumewe walishahamia tambarare. Wa kuzungumza naye alikuwa Mungu, basi. Asubuhi alimsalimu, mchana akamlalamikia habari za nyani wanaokula mahindi.

Sasa sikieni desturi ya mlima ule, maana kesi yote imo humo. Mtu akiinuka kutoka kitanda cha ugonjwa, huchinja mbuzi. Kidari, ile nyama ya kifuani, hupewa mtu mmoja tu, yule aliyemwinua. Hakikatwi, kikikatwa ni nyama ya kawaida. Ukikila, wewe na mwenye mbuzi mmekuwa ndugu. Mtatembeleana, na atakayetangulia kufa, mwenzake ndiye atakayemfumba macho na kumtupia udongo wa kwanza. Wenye koo kubwa hawakujali sana. Nakijwa hakuwa na wa kumzika, kwa hiyo alijali.

Akaanza kukohoa. Akakohoa hadi damu. Majirani wakaihamishia njia yao upande wa pili wa shamba.

Akaja Daktari Mrutu kwa miguu, akampima. "Ni kifua kikuu, mama. Kinapona. Meza vidonge hivi kila siku, na mtu asiingie ndani mwako kwanza."

Nakijwa akakataa. Mwinjilisti Eliakimu alikuwa amehubiri kwamba anayemeza vidonge amemwacha Mungu njiani. "Mwanangu," akasema, "mimi nimebaki na Mungu peke yake. Nikimwacha huyo, nitakaa na nani?"

Daktari hakuwa amekanyaga kanisani tangu amzike mkewe. Lakini alivua kofia, akasimama mlangoni, akaviombea vidonge. Nakijwa akasema amina, akameza. Kila asubuhi ikawa hivyo: daktari anaomba, mama anasema amina, anameza.

Halafu mkojo wake ukawa mwekundu. Dawa zile ndivyo zilivyo, lakini daktari, kwa haraka zake za kwenda vijiji vingine, hakumwambia. Nakijwa akajua Mungu amekasirika. Akawa anavificha vidonge chini ya ulimi, na daktari akigeuka, anavitema majivuni. Akakonda, akabaki mifupa.

Akaitwa Mwinjilisti Eliakimu ampe Chakula cha Bwana cha mwisho. Mwinjilisti akaviona vidonge majivuni, akauliza. Mama akamweleza habari za mkojo na hasira ya Mungu. Eliakimu akakaa chini palepale, akalia, kwa sababu aliyatambua maneno yake mwenyewe.

Jumapili akasimama madhabahuni. "Nilisema uongo hapa. Dawa nayo imetoka kwa Mungu. Nisameheni." Washarika wengi wakainuka, wakamfuata mhubiri mwingine. Tangu siku hiyo alikaa nje ya mlango wa Nakijwa kila jioni, akihakikisha amemeza. Mama akameza, akanenepa, akapona.

Na alipopona, daktari akaacha kuja asubuhi, mwinjilisti akaacha kuja jioni. Mnaona? Ugonjwa ulikuwa umemletea wageni. Nakijwa akamchinja mbuzi wake, akawaita wote wawili.

Daktari akasema, "Kidari ni changu. Bila vidonge, sala za mwinjilisti huyu zingekuwa za mazishi. Tena mimi nilimwomba Mungu nisiyemwamini, kwa ajili ya mama huyu."

Nakijwa akamtazama. "Kumbe asubuhi zote zile niliomba peke yangu?"

"Tuliomba wawili, mama. Aliyeamini ndiye aliyekuwa mmoja."

Mwinjilisti akasema, "Kidari ni changu. Vidonge vyako vilikuwa majivuni. Niliyevitoa majivuni ni mimi, na kanisa langu sasa ni viti vitupu."

"Uliyevitia majivuni ni wewe."

"Na wewe uliyenyamaza habari za mkojo?"

Jirani mmoja aliyekuja kutazama akashauri kidari kipelekwe madhabahuni, kwani mponyaji ni Mungu. Nakijwa akatikisa kichwa. "Mungu ni wangu tangu mwanzo. Leo natafuta wa kunizika."

Daktari nyumbani kwake hapakuwa na mtu. Mwinjilisti watu wake walimkimbia. Msifikiri walikuwa wakigombea nyama.

Basi mjane amesimama katikati, kidari mikononi, na mikono imeanza kuchoka. Kulia yupo aliyemponya kwa sala asiyoiamini. Kushoto yupo aliyekaribia kumuua kwa neno, kisha akamwokoa kwa neno. Na wewe uliyekaa karibu na mlango, usiniambie "wote wawili"; hilo ni jibu la mtu mwenye haraka ya kuondoka. Kidari hakikatwi. Mmoja atakula, na mmoja atateremka mlima peke yake, arudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Je, nani alistahili kidari cha Nakijwa? Na yule mtakayemnyima, nani kati yenu atamsindikiza?