Firigisi ya Chumvi na Sukari

Mbuke alikuwa anapepeta mpunga alipoitwa na mama mkwe wake: mwanawe Ndaki ameharisha tangu alfajiri, sasa analia bila machozi. Zahanati na duka viko ng'ambo ya mto, na mto umefurika. Mbuke akaweka ungo chini, akachemsha maji. Alijua kinachotakiwa: lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Alichokuwa nacho ni maji tu.

Jirani yake Limi alikuwa mtu wa kutoa. Chumvi yake ilibaki nusu kijiko, na maharage yako jikoni. Akaitoa yote.

"Chukua, mama Ndaki. Kula chapwa hakuui."

Majirani wengine, Kabula na wifi yake Nyanzobe, walikuwa watu wa kushika pamoja. Walikula sahani moja, na sukari waliichanga kwenye kopo moja, ambalo hakuna aliyelifungua mwenzake asipokuwepo. Kabula alikimbia shambani kumwita mwenzake. Nyanzobe akafika na jembe begani, wakapima pamoja vijiko sita.

Ndaki alinyweshwa kidogo kidogo. Kesho yake jioni alilia kwa machozi, akidai chakula.

Mbuke akachinja kuku, akawaalika majirani wote watatu. Kwao firigisi haikatwi. Huwekwa kwenye sahani moja, ya aliyeiokoa nyumba.

Akakumbuka kemia ya shule. Katika chumvi, sodiamu humpa klorini elektroni moja. Mmoja amepungukiwa, mwingine amezidishiwa, na tofauti hiyo ndiyo inayowavutanisha. Katika sukari hakuna anayetoa kabisa. Atomu huchangia elektroni na kuzishika pamoja. Majini ioni za chumvi huachana, ilhali molekuli ya sukari hubaki nzima. Lakini utumboni sukari ndiyo huisaidia chumvi kupita, na maji hufuata.

"Limi kabaki mikono mitupu," alisema mama mkwe. "Hawa kopo lao bado wanalo."

"Kutoa ni mara moja, mama," Kabula akajibu. "Jaribu kushika kopo na wifi yako miaka saba."

Nyanzobe alicheka kuliko wote.

Wali ukapakuliwa. Mbuke akahesabu: mama mkwe, Limi, Kabula, Nyanzobe, yeye, na Ndaki mapajani. Wote wapo. Mchuzi ulikuwa chapwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Firigisi ilikuwa bado kwenye upawa.

Nanyi mliosikiliza, mngeiweka sahani ipi?