Kinda wa Hariri na Mihuri Myekundu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa hariri, ikaota ndege!
Haya, sogeeni, na mwenye kukoroma akakorome kwao.

Hapo kale, huko Uchina, fundi mmoja akiitwa Mzee Shen alichora ndege wawili juu ya kitambaa cha hariri. Mama yuko tawini, mdudu mdomoni. Kinda yuko hewani, njaa inamuuma, anamwendea mama. Katikati yao fundi hakuchora kitu, maana hapo ndipo kinda atakapopita. Rangi ilipokauka fundi akafa, picha ikakunjwa.

Sasa, ndege wa hariri hupiga bawa pale tu picha inapokunjuliwa. Ikikunjwa ni giza, nao husahau kila kitu.

Ikakunjuliwa. Mwanga!

“Mama, tuko wapi?”

“Sijui, mwanangu.”

“Sisi ni wa nani?”

“Sijui, mwanangu. Wewe njoo.”

(Alisemaje na mdudu mdomoni? Msiniulize.)

Kinda akapiga bawa, pa! Lakini mwenye nyumba, tajiri wa majani ya chai, akasema, “Wangu hawa!” Na desturi ya kule, mwenye picha hugonga muhuri wake mwekundu, wenye jina lake, juu ya picha yenyewe. Akaugonga katikati, ti! Kinda akajigonga kichwa. Picha ikakunjwa.

Ikakunjuliwa. Mwanga! Nyumba nyingine.

“Mama, tuko wapi?”

“Sijui, mwanangu.”

“Sisi ni wa nani?”

“Sijui, mwanangu. Wewe njoo.”

Kinda akazunguka kwa juu, pa! “Wangu hawa!” akasema jemadari, akagonga wake huko juu, ti! Ikabaki nafasi ya kidole kimoja tu. Picha ikakunjwa.

Jemadari akaugua. Akauguzwa na mjane, Bibi Ruolan, naye alipopona akampa ile picha kwa shukrani. Ikakunjuliwa mara ya tatu.

“Gonga muhuri, shemeji!” akahimiza ndugu wa marehemu mumewe. “Bila muhuri, nani ataamini umepewa?”

Bibi akauinua muhuri juu ya ile nafasi. Akasikia sauti ndogo.

“Mama, nipite wapi?”

Safari hii mama ndege akatazama juu, akatazama chini. Alikuwa amechanganyikiwa kabisa, masikini.

Bibi akauweka muhuri chini. Akaitundika picha ukutani, asiikunje. Siku ya kwanza, pa! Siku ya pili, pa! Siku ya tatu kinda akatua tawini, akala mdudu wake. Bibi akalia kwa furaha.

Haukupita mwezi, waziri akaja na askari.

“Muhuri wako uko wapi?”

“Sikugonga, bwana.”

“Basi si yako.”

Akaichukua. Bibi akalia tena, mara hii kwa uchungu. Waziri alipofika kwake akaiona ile nafasi tupu, akagonga muhuri wake, mkubwa kuliko yote, ukapanda hata kingo za ile mingine, ti!

“Mama,” akauliza kinda pale tawini, mdomo ungali umejaa, “huyu naye ni nani? Sisi ni wa nani?”

“Sijui, mwanangu. Tafuna.”

Ngano yangu nimeitua hapo. Funzo lake ni kwamba kuandika jina juu ya kitu ni rahisi, kukitunza ndiyo kazi. Wasomi wakiisoma picha ile huyataja majina matatu, la bibi halimo. Basi ilikuwa ya nani? Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, na aliyekalia kanga yangu ainuke, hiyo najua ni ya nani.