Ngiri Aliyeingia Kinyumenyume

Paukwaa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala njaa? Paukwaaa!

— PAKAWA!

Pakawa nyumba!

— Ya nani?

Ya aliyeichimba. Tulieni basi, maana nyumba hii ina kilio ndani yake.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa wakipangishana vyumba, palikuwa na Bi Mhanga. Mhanga mnamjua: pua ndefu, masikio ya punda, kucha kama majembe. Mumewe alikuwa amefariki. Alibaki na mwanawe mmoja, Tunu, na shimo kubwa lenye chumba cha ziada. Chumba hicho aliwapa wasafiri, nao wakamlipa mchwa, chakula chake na cha mwanawe.

Desturi ya nyika ilikuwa hii: mgeni akibisha hodi, mwenyeji humtajia kwanza siku ya kuondoka, ndipo amwambie karibu.

Siku moja ya mvua akaja Ngiri, maji yanamchuruzika mpaka kwenye meno.

"Hodi, dada yangu!"

Bi Mhanga akafungua mdomo ataje siku. Akaona haya. Akawaza, "Nikitaja, si atapita akisema nina roho ya korosho?" Basi akasema, "Karibu, kaka. Hapa ni kwako."

Ngiri akageuka, akaingia kinyumenyume, matako mbele, kama waingiavyo ngiri wote. Meno yakabaki yanatazama nje. Akaimba:

*Kinyume nimeingia,*
*meno mlango yaangalia,*
*wa kunitoa ni nani?*

Mwezi wa kwanza alilipa mchwa. Wa pili akalipa maneno. Wa tatu, hata maneno akayaona ghali. Mvua zikaisha, kiangazi kikapita, mvua zikarudi. Ngiri yumo! Anakula kwanza yeye, Tunu anakula makombo. Tunu akakonda, mbavu zikahesabika.

Jirani yao, Bi Nungunungu, akasema, "Shoga, mwambie aondoke. Una mdomo mrefu kutushinda sote, kazi yake mchwa tu?"

"Naona haya, shoga. Nitampa ishara, ataelewa mwenyewe."

Bi Mhanga akausimamisha ufagio nyuma ya mlango, kichwa chini, miguu juu. Ngiri akauona. Akauchukua, akajikunia mgongo. "Ahsante, dada. Ulijuaje kwamba nawashwa?" Akaimba wimbo wake.

Bi Mhanga akapika uji mwepesi kama maji ya kunawa, bila chumvi. Ngiri akanywa bakuli, akaomba la pili. "Dada, mkono wako una dawa! Tumbo lilikuwa linanisumbua." Akaimba wimbo wake.

Bi Mhanga akatunga uongo. "Kaka, shangazi zake Tunu wanakuja. Watataka chumba."

Tunu akarukaruka. "Shangazi wanakuja! Shangazi wanakuja!"

"Waje, waje!" akasema Ngiri. "Watalala pale anapolala Tunu. Tunu ni dume, alale mlangoni awapokee."

Bi Mhanga akawaza. Akisema shangazi hawaji, ataonekana mwongo. Akisema Ngiri ahame, ataonekana mchoyo. Tunu mwenyewe akakokota mkeka wake mpaka mlangoni, kwa furaha.

Usiku mama akaenda kutafuta mchwa. Aliporudi kumekucha, aliona damu kwenye mkeka.

Fisi alikuwa amepita. Tunu alikuwa hai, amejibanza ukutani, mguu wa nyuma umetafunwa. Na kule ndani, Ngiri amelala, meno yanatazama mlango.

"Hukusikia mtoto akilia?"

"Nilisikia, dada. Nikasema, mgeni haendi kufungua mlango wa watu."

Haya yote ikamtoka Bi Mhanga.

"Ngiri. Toka nyumbani kwangu. Sasa hivi."

Bi Nungunungu akaja mbio, miiba imesimama, tayari kwa vita. Vita havikuwapo. Ngiri aliinuka, akajikung'uta vumbi, akatoka. Alipofika nje akageuka.

"Hilo tu, dada? Nilikuwa nangoja nilisikie kinywani mwako. Ufagio hausemi. Uji hausemi."

Akaenda zake. Na kila mlango aliobisha tangu siku hiyo, alitajiwa siku ya kuondoka kwanza, mpaka akazoea kulala kwenye mashimo yaliyohamwa.

Bi Mhanga hakumtazama akienda. Alikaa chini, akamweka mwanawe mapajani, akauosha ule mguu ambao usingenyooka tena. Tunu akafumbua macho.

"Mama," akauliza, "shangazi wamefika?"

Ndugu zangu, mgeni mpe chumba, mpe na uji wenye chumvi. Lakini siku ya kuondoka mtajie mlangoni, kwa kinywa chako, mkiwa bado mnacheka. Haya unayomwonea mgeni, atakayeilipa ni mwanao.

Ngano yangu nimeichimba, nimeifukia. Aliyekuja kusikiliza, njia njema. Aliyekuja kulala, aseme sasa hivi anaondoka lini!